Fisi Aliyeacha Paja

"Huyu ni fisi gani?" aliuliza Shaushi Hatibu, askari wa boma la Arusha.

Alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo, nyuma ya zizi la Bwana Ekambi kule Moshono, leso imeziba pua. Shimoni mlikuwa na mzoga wa ndama. Bwana Daktari wa mifugo wa serikali alikuwa amekwisha kumchuna na kumpasua jana yake, ngozi nyekundu ikaanikwa juu ya ua iwe ushahidi. Ukiacha alama za kisu cha Daktari, mwili ulikuwa mzima, mapaja yamejaa nyama. Kichwa ndicho hakikuwapo.

"Fisi ni fisi," alijibu Bwana Reinke, amesimama na mbwa wake. "Mbwa huyu alifukua shimo. Kabla sijamleta Daktari, fisi akala kichwa. Shaushi hajui fisi?"

"Nawajua wa kwetu Pangani, bwana. Wale wakikuta ndama huanza tumboni, wakaja mapajani. Kichwa huwaachia inzi. Huyu wa Moshono kaacha paja zima, kala masikio."

Reinke alicheka. Alikuwa kijana mrefu wa Kidachi mwenye masharubu machanga, na yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa zizi la karantini kule Olasiti.

"Labda alikuwa ameshiba," alisema, akamvuta mbwa wake wakashuka zao kati ya migomba.

Hatibu alimsindikiza kwa macho. Fisi aliyeshiba, na bado anahangaika kwenda kula kichwa cha ndama wa watu. Haya, tumeyaona mengi, na hilo nalo tuliweke kapuni.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ekambi alikuwa Mduala kutoka Kameruni, nchi nyingine iliyokaliwa na Wadachi, yaani Wajerumani, upande wa pili wa Afrika. Akili zake zilimfikisha Ujerumani kusomea elimu ya viumbe hai, na walimu wake wakamwambia kuwa shahada ya utafiti haipatikani kwa kukariri: nenda katafute jambo jipya, ulithibitishe, ndipo urudi. Akaletwa Meru kuchunguza ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaofagia ndama. Mjini Arusha hawakujua wamweke wapi. Wadachi hawakumkaribisha mezani, na watu wa sokoni walimwita Mdachi Mweusi kwa sababu ya kofia yake na ile lugha ya kukoroma. Alikuwa mgeni huko alikosoma, na huku alikoletwa akawa mgeni mara ya pili.

Hoja yake ilikuwa fupi: ndama akiugua ndigana akapona, haugui tena hata umjaze kupe. Reinke, waliyesoma naye chuo kimoja, alikuwa ameandika kinyume chake, kwamba hakuna ndama anayebaki na kinga. Mmoja wao lazima awe amekosea. Ekambi aliazima ndama kwa Lesikar, mfugaji wa jirani, akamuuguza ndigana, akapona. Likabaki jambo moja, kumpandishia kupe wabaya mara ya pili na kumwonyesha Bwana Daktari wa serikali kwamba mnyama bado anaruka. Mwezi ulipoandama, ndama akatoweka zizini. Ekambi akaenda bomani kushtaki wizi, na Hatibu akakabidhiwa kesi.

Sasa mwezi ulikuwa umekwisha kuwa mpevu na unapungua, na kesi ilikuwa imegeuka kichwa chini. Daktari alimpasua yule ndama wa shimoni akakuta matezi yamevimba na mapafu yamejaa povu. Ndigana, hapana shaka. Kwa hiyo, alisema, hapakuwa na wizi. Ndama aliugua mara ya pili, Ekambi akamficha mpaka akafa, akamfukia ili aokoe shahada yake, na Lesikar ndiye aliyechimba shimo. Lesikar akatiwa mnyororo. Kesho asubuhi angelazwa kifudifudi uwanjani bomani, apigwe hamsa ishirini, mapigo ishirini na matano ya kiboko, na Daktari angeondoka na msafara wa Moshi akiwa na ripoti mfukoni: mwanafunzi huyu ni mwongo, afukuzwe.

Ilikuwa bado asubuhi. Hatibu alikuwa na mchana mmoja tu.

Alimkuta Ekambi kibarazani, amekaa mbele ya darubini yake ya kuchungulia vijidudu, lakini haitazami.

"Kwani ulimfukia wewe?" Hatibu aliuliza bila salamu.

"Hapana."

"Lesikar?"

"Lesikar alilia ndama alipopotea. Nilimwona kwa macho yangu." Kiswahili cha Ekambi kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. "Shaushi, mimi najua kushindwa. Jaribio likishindwa, unaandika kwamba limeshindwa. Mtu anayeficha hayo hastahili hata kushika kioo hiki."

"Ukimwona ndama wako utamjua?"

"Nilimnyoa sikio la kushoto nikalifunga kifuko cha kitambaa, kupe wakae humo. Nywele hazijaota vizuri mpaka leo. Na sikio la kulia lina alama ya ukoo wa Lesikar, wamelichanja pembeni."

"Masikio yote mawili."

"Yote mawili."

"Ndiyo maana fisi wetu ana ulafi wa masikio," alisema Hatibu. "Tatizo ni kwamba nikimwambia hivyo Daktari, ataniuliza fisi ana jina gani. Na nikilitaja jina la Mzungu bila ushahidi, kesho kutwa nitakuwa nimelazwa pale pale alipolazwa Lesikar."

Ekambi aliifunika darubini yake kwa kitambaa. Alijua kwamba ni kweli.

Mwanamke mmoja alikuwa akipandisha njia ya zizini, kibuyu cha maziwa mkononi, rubega limefungwa begani. Alikuwa Nalepo, mke wa Lesikar. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Shaushi, naomba ile ngozi."

"Ngozi ni ushahidi, mama."

"Ni ya ndama wetu. Mume wangu mmemfunga, ndama amekufa, sasa mnataka na mtoto wangu alale njaa? Ng'ombe wetu Nanyokie alikuwa akiletewa ndama wake kila jioni; tangu apotee, amekataa kukamwa. Anatoa tone, tone, basi. Nikikaza mkono ananipiga teke. Nataka ngozi nimwekee."

Hatibu alikuwa mtu wa pwani. Ng'ombe aliyemjua vizuri ni yule aliyekwisha kuingia mchuzini. "Umwekee ngozi ya nini?"

Nalepo alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini. "Ng'ombe wetu hashushi maziwa bila ndama wake kusimama hapo. Ndama akifa, tunamchuna, tunasugua ngozi kwa chumvi, tunamwekea mama yake. Anainusa, anailamba. Anajua ni mwanawe. Hapo anashusha maziwa, unakama. Kila mtu hapa anafanya hivyo."

"Naye haoni kwamba ni ngozi tu?"

"Yeye hatazami, shaushi. Ananusa."

Hatibu aliifikiria kanuni ya boma kuhusu ushahidi. Halafu akaifikiria njaa ya mtoto. Akaishusha ngozi kutoka juu ya ua, akaibeba mwenyewe begani. "Haiondoki mikononi mwangu," alisema. "Lakini miguu yangu inaweza kwenda popote. Twende." Ekambi naye alivaa kofia akawafuata.

Nanyokie alikuwa amefungwa kwenye kivuli cha mgomba, nyuma ya nyumba ya Lesikar. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye nundu, macho yake ya majonzi, kiwele kimesinyaa. Nalepo alisugua chumvi kwenye ngozi, akaitandika mbele ya pua ya ng'ombe, akachuchumaa kando na kibuyu chake. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kukamia.

Nanyokie aliinamisha kichwa. Alinusa mara moja. Akapuliza pua kwa nguvu, akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza, na aliposukumiwa ngozi karibu aliipiga pembe akairusha kwenye migomba. Teke lake lilikiangusha kibuyu.

"Amekasirika," alisema Ekambi.

"Hapana." Nalepo alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Aliiokota ngozi akaipeleka tena, safari hii upande wa nyama ukiwa chini na chumvi nyingi zaidi. Nanyokie aligeuza shingo kabisa, asitake hata kuitazama. "Ng'ombe anapenda chumvi kuliko kitu chochote. Hii hataki hata chumvi yake. Shaushi, hii ngozi si ya mwanawe."

"Una hakika?"

"Mimi naweza kukosea. Rangi ni ileile, na kichwa hakipo. Yeye hawezi kukosea."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hatibu alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, na hakudhani hata siku moja kwamba utamfaa kazini. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaikunja ngozi magotini. Ekambi na Nalepo walimngoja.

"Tuanze na tulichonacho," alisema mwishowe. "Ndama wa shimoni si wako. Lakini Daktari alikuta ndigana ya kweli. Sawa?"

"Sawa," alisema Ekambi. "Niliona mwenyewe. Yale mapafu huwezi kuyabuni."

"Basi huyo alikufa kwa ndigana. Kwa sasa, ndama wanaokufa kwa ndigana wako wapi?"

"Olasiti, karantini. Serikali imewakusanya wagonjwa wote pale."

"Na ndama akifa pale?"

"Daktari humpasua, halafu anachomwa. Wanahesabiwa asubuhi na jioni. Huwezi kutoa hata mmoja bila..."

"Bila nini?"

"Bila kuingiza mwingine mahali pake."

"Ehe. Mmoja ndani, mmoja nje, hesabu imetimia na kila mtu amelala usingizi." Hatibu alisogea mbele. "Sasa nijibu wewe msomi. Mtu anamwiba ndama wako mwezi unapoandama. Anataka aonekane amekufa kwa ndigana. Kwa nini asimtie tu kati ya wagonjwa, angoje afe, amlete yeye mwenyewe na masikio yake? Kwa nini ahangaike kutafuta wa kufanana naye, tena amkate kichwa?"

Ekambi alitembea mpaka kwenye mgomba akarudi.

"Kwa sababu alimtia," alisema polepole. "Alimtia humo akangoja. Reinke anaamini kabisa alichokiandika. Alikuwa na hakika kwamba ndama atakufa. Akangoja, akangoja..."

"Na ndama?"

"Hakufa." Ekambi alikaa chini palepale, suruali yake safi juu ya samadi. "Shaushi, unaelewa? Amemlaza na wagonjwa, kwenye kupe wabaya kuliko wote wilayani, muda wote huu. Mimi nisingethubutu. Kama yu hai mle, jaribio langu limekwisha fanyika. Amenifanyia yeye."

"Kama yu hai. Na kama hajamchinja."

"Hawezi kumchinja. Kila anayekufa mle hupasuliwa, na Daktari angeona kisu. Lakini Daktari akishaondoka kesho..."

Hakumaliza, na hapakuwa na haja. Nalepo alikuwa ameanza kumfungua Nanyokie kamba.

"Unampeleka wapi?" aliuliza Hatibu.

"Olasiti. Kwani wewe unakwenda na shahidi gani?"

Hatibu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Neno la askari mweusi juu ya Mzungu lilikuwa na uzito wa unyoya bomani, na la mke wa mfungwa lilikuwa jepesi zaidi. Ng'ombe alikuwa jambo jingine. Ng'ombe hana kabila wala cheo, na hakuna Bwana Mkubwa anayeweza kumwambia amesema uongo.

Njiani, Ekambi alimsaidia Nalepo kumswaga Nanyokie. "Mama, ndama akipatikana nitamrudisha kwenu siku hiyo hiyo," alisema. "Nilimwazima tu, sikusahau."

"Najua ulimwazima. Ndiyo maana tunakuita mgeni." Nalepo hakusema kwa ubaya. "Sisi mtu tukimpa ndama, hatumwiti tena kwa jina lake. Tunamwita Paashe, naye anatuita sisi Paashe, mpaka kufa. Wewe hatukukupa. Kwa hiyo wewe ni mgeni mwema."

Bwana Daktari Hagemann alikuwa akifunga masanduku yake karibu na boma walipopitia kwake kwanza. Alikuwa mzee mwenye hasira za karibu, lakini watu walisema kitu kimoja kwa haki: alipenda ukweli wa darubini kuliko chakula. Ekambi alivua kofia, akazungumza naye kwa Kidachi. Hatibu alidaka maneno machache tu. Jaribio. La mwisho. Olasiti. Halafu akamsikia Daktari akipaza sauti, na Ekambi akijibu bila kuinua yake.

"Umemwambia nini?" Hatibu alinong'ona Daktari alipoingia ndani kuchukua kofia.

"Nimemwambia kwamba kama nimekosea, nitaandika kwa mkono wangu kwamba mimi ni mwongo, atie sahihi tu."

"Na mimi je?"

"Wewe amekutaja mwenyewe. Amesema kama unampotezea muda, atamwambia Bwana Mkubwa akuvue cheo."

"Nashukuru kwa kunijumuisha," alisema Hatibu. Alikwenda kwenye lango la boma, akaagiza Lesikar atolewe na mnyororo wake, kwa kuwa mtuhumiwa sharti awepo ushahidi unapokaguliwa. Hiyo nayo ilikuwa kanuni, ingawa hakukumbuka ameisoma wapi.

Basi wakateremka kuelekea Olasiti: Daktari juu ya nyumbu, Ekambi kwa miguu, Lesikar na askari wake, Nalepo na ng'ombe wake, Hatibu nyuma na ngozi begani. Sokoni wauza ndizi waliacha ndizi zao. Mtu mmoja akauliza ng'ombe amefanya kosa gani. "Huyu hashtakiwi," Hatibu alimjibu, "huyu anakwenda kutoa ushahidi," na kuanzia hapo msafara ukapata mkia wa watu usiokatika.

Karantini ilikuwa imezungushiwa ua mrefu wa miiba. Langoni alisimama Koikai, mchungaji aliyeajiriwa pale, mzee mwembamba aliyeegemea fimbo. Bwana Reinke alikuwa ndani kivulini. Alipomwona Daktari alitoka akitabasamu, na alipoiona ngozi tabasamu likapungua.

"Koikai," alisema Hatibu, "ndama wangapi wamebaki?"

"Mmoja."

"Walikuwa wengi."

"Walikuwa wengi. Wamekufa. Nimewachoma mimi."

"Na huyu mmoja, kwa nini hafi?"

Koikai alimtazama Reinke, halafu akatazama chini. "Mimi nachunga tu."

"Nakuuliza mambo ya kuchunga. Huyu anakula?"

"Anakula. Anaruka. Jana ameruka ua wa ndani. Nimechunga tangu utoto, sijaona ndama wa namna hii kwenye ugonjwa."

"Aliingia lini?"

"Bwana mdogo anajua," alisema, akimtupia Reinke jicho.

Reinke alisema kitu kwa Kidachi, haraka haraka. Daktari alikuwa amelitazama lile neno, mmoja, likikaa hewani. Katika zizi ambamo ndama wengine wote wamekufa, mmoja anaruka. Mwalimu wa darubini hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba jambo hilo si la kawaida.

"Fungua," alisema Daktari.

"Bwana Daktari, kuna hatari ya—"

"Fungua."

Lango likafunguliwa. Ndani walisimama ng'ombe wachache waliokonda, wale wakubwa ambao ugonjwa umeshindwa kuwaua. Hatibu hakwenda moja kwa moja kwa ndama. Alikuwa ameipanga kazi yake njiani, hatua kwa hatua, na hakukubali kuharakishwa.

"Koikai, katika hawa, yupi alifiwa na ndama mwekundu siku za karibuni?"

Koikai alinyoosha fimbo kwa ng'ombe mweusi aliyesimama peke yake. "Yule. Ndama wake alikufa, bwana mdogo akasema atampeleka kwa Daktari mwenyewe. Ngozi sikupewa. Nilimwambia bwana kwamba mama wa ndama atagoma kukamwa, na amegoma kweli."

"Mimi sikuletewa ndama mwekundu," alisema Daktari.

Hatibu aliishusha ngozi begani. Aliitandika chini mbele ya ng'ombe mweusi, akarudi nyuma.

Ng'ombe alisogea. Alinusa mgongo wa ngozi, akanusa tena, halafu akaanza kulamba, kutoka juu mpaka mkiani, taratibu, kama anayemkausha mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Akatoa sauti ndogo ya ndani, ile wanayowatolea ndama wachanga. Nalepo alifika bila kuombwa, akachuchumaa akapeleka mkono kwenye kiwele, na maziwa yakatoka yakapiga vumbi, kidogo lakini ya moja kwa moja. Alikuwa akilia wazi, hakujificha.

"Mama wa ndama wa shimoni ni huyu," alisema Hatibu. "Ndama wake alifia hapa, Bwana Daktari. Akakatwa kichwa ili masikio yasionekane, akapelekwa Moshono. Fisi hakuwapo."

"Ng'ombe yeyote hulamba chumvi," alisema Reinke. Uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika rangi.

"Kweli, bwana. Ila Nanyokie asubuhi aliikataa, na chumvi ilikuwa hiyo hiyo. Tumwite basi naye aseme."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Nanyokie alikuwa ameinua kichwa langoni, masikio mbele. Alilia mara moja, mlio mrefu. Nyuma ya banda la nyasi kikajibu kilio kingine, chembamba na chenye haraka, na kabla Koikai hajafika banda likatikisika. Ndama mwekundu akatoka mbio na kipande cha ua shingoni. Alipita kati ya miguu ya Reinke, akampita Daktari, akatumbukiza pua chini ya mama yake akaanza kunyonya kwa kupiga vichwa kama mdai. Mkia wake ulikuwa ukizunguka.

Ekambi hakumkimbilia. Alimwacha anyonye. Kisha akapiga magoti, akaligeuza sikio la kushoto, na Daktari akainama kando yake. Nywele zilikuwa fupi, duara kamili, na kupe wa karantini wamejaa humo, wanene kama kunde. Daktari alishika matezi ya shingo kwa vidole. Akayashika tena. Akaweka mkono kifuani mwa ndama, akangoja, jasho likimtiririka puani.

"Hana homa," alisema.

"Hana," alisema Ekambi.

"Ndama wote walioingia humu wamekufa."

"Wote, Bwana Daktari. Isipokuwa aliyewahi kuugua akapona."

Mzee yule alinyanyuka kwa taabu. Akafanya jambo ambalo sokoni lilisimuliwa mwaka mzima: alivua kofia yake mbele ya watu wote, akampa mkono. Alisema maneno kwa Kidachi, na safari hii Hatibu aliyaelewa, kwa kuwa yalikuwa machache. Jaribio zuri sana. Liandike.

Halafu akageukia upande mwingine, akakunjua kiganja. "Ufunguo, Bwana Reinke."

Reinke aliutoa. Hakupigwa kiboko, Mzungu hapigwi kiboko, hilo tusidanganyane. Lakini kesho yake aliondoka na msafara wa Moshi, ripoti ya Daktari ikiwa na jina lake badala ya lile lililokusudiwa, na wauza ndizi walisimama kando ya njia wakiwauliza wenzao kwa sauti kama kuna mtu amemwona fisi.

Hayo yalikuwa ya kesho. Pale Olasiti, Hatibu alichukua ufunguo wa mnyororo kwa askari akamfungua Lesikar yeye mwenyewe. Alama nyekundu zilikuwa zimemzunguka shingoni.

"Utanisamehe, ndugu yangu," alisema Hatibu.

"Wewe hukunifunga." Lesikar alijipapasa shingo, akawaendea ng'ombe wake. Alizungumza na Nalepo kwa lugha yao, maneno machache, naye Nalepo akaitikia kwa kichwa. Ndama alikuwa ameshiba, povu la maziwa limejaa puani. Lesikar aliokota kipande cha kamba, akamfunga shingoni, akaupeleka ule mwisho wa kamba kwa Ekambi na kuuweka mkononi mwake, akavikunja vidole vya Ekambi juu ya kamba.

Ekambi alidhani anaombwa kumsaidia kumshika. "Nimemshika," alisema. "Nimrudishe Moshono?"

"Mrudishe unakotaka," alisema Lesikar. "Haya, Paashe. Twende nyumbani."

Ekambi alisimama na kamba yake. Alimtazama Nalepo, ambaye alikuwa amekwisha kutangulia na Nanyokie na hakugeuka nyuma. Hatibu aliona kofia ya Kidachi ikishuka polepole kutoka kichwani mwa kijana yule mpaka kifuani.

"Ndiyo, Paashe," alisema, na ndama akamvuta njiani.